Alexander Fleming na Dawa Yenye Mipaka

Wengi wetu tumewahi kusikia katika mahubiri, au kusoma katika ujumbe wa simu unaorushwa kutoka kundi hadi kundi, kisa cha mkulima maskini wa Scotland aliyemwokoa mtoto wa tajiri aliyekuwa akizama kwenye tope. Baba wa mtoto, kwa shukrani, akamsomesha mtoto wa mkulima. Mtoto wa mkulima akawa Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini. Mtoto wa tajiri akawa Winston Churchill, ambaye baadaye aliugua nimonia akaponywa kwa penisilini hiyo hiyo. Ni kisa kitamu, lakini si cha kweli. Fleming mwenyewe alikikanusha, na Churchill alipougua nimonia huko Tunisia mwezi Desemba 1943, madaktari walimtibu kwa dawa ya jamii ya salfa.

Hatusemi hivi kuwasuta wahubiri. Nasi Mungu akipenda tutakuwa wahubiri. Tunasema kwa sababu maisha halisi ya Fleming yana uzito kuliko kisa hicho, na yana jambo ambalo kisa hicho kinalifunika: mtu aliyeiona dawa hii kwa mara ya kwanza ni miongoni mwa watu wa mwanzo kutangaza hadharani kwamba ingeweza kutuharibikia mikononi.

Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, kusini magharibi mwa Scotland. Baba yake, Hugh, alikuwa mtu mzima sana aliyeoa tena baada ya kufiwa na mke wa kwanza. Alexander alikuwa wa tatu kati ya watoto wanne wa mke wa pili, Grace. Alipofikisha miaka saba baba yake akafariki, na mama akabaki na shamba, watoto wake, na watoto wa marehemu mke mwenzie. Wanaomwandika Fleming hupenda kusema kwamba ni huko mashambani, katika kuzunguka vijito na viota vya ndege, alikojifunza kutazama. Inawezekana. Watoto wengi wamekulia shambani bila kugundua kitu, lakini ni kweli kwamba maisha yake yote alikuwa mtu wa kutazama kuliko kusema.

Akiwa kijana mdogo alihamia London alikokuwa akiishi kaka yake Thomas, ambaye alikuwa daktari. Alisoma kidogo shule ya ufundi, kisha akafanya kazi ya ukarani miaka minne katika ofisi ya kampuni ya meli, kazi aliyoichoka. Mwaka 1901 mjomba mmoja alifariki akamwachia urithi wa pauni 250, na kaka yake akamshauri azitumie kusomea udaktari. Sababu ya kuchagua chuo itawachekesha wasomaji. London ilikuwa na vyuo vingi vya udaktari, naye hakuvijua tofauti zake, ila aliwahi kucheza mpira wa majini dhidi ya timu ya Hospitali ya St Mary's. Basi akaenda St Mary's. Alipomaliza masomo mwaka 1906, nahodha wa timu ya kulenga shabaha ya hospitali hakutaka kumpoteza mlengaji hodari, akamtafutia nafasi katika idara ya utafiti iliyoongozwa na Almroth Wright. Humo Fleming alikaa karibu maisha yake yote ya kazi. Sisi tunaozungumza kila siku habari za wito tunaweza kustaajabu kidogo: mpira na bunduki ndivyo vilivyomfikisha kwenye meza yake ya maabara.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wright alipelekwa Boulogne, Ufaransa, akaanzisha maabara ndani ya jengo lililokuwa kasino, na Fleming alikuwa naye kama kapteni wa kikosi cha madaktari wa jeshi. Walioletwa pale walikuwa vijana waliopasuliwa na vipande vya mabomu, na vidonda vyao vilijaa udongo na vipande vya nguo. Madaktari wa wakati ule walikuwa na mazoea ya kumwagia vidonda dawa kali za kuua vijidudu, kama asidi ya kaboliki, kwa imani kwamba zikiwa kali zaidi zitaponya zaidi. Fleming aliona kuwa vijana walioogeshwa dawa hizo waliendelea kuoza na kufa. Akachukua bomba la kioo, akalipasha moto na kulivuta hadi likawa na miiba na vishimo mithili ya kidonda cha kweli, akalijaza majimaji yenye vijidudu, kisha akalisafisha kwa dawa. Vijidudu vilivyojificha ndani ya vishimo vilibaki hai. Tena aligundua jambo baya zaidi: dawa hizo ziliziua chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, kabla ya kuviua vijidudu. Daktari aliyedhani anamsaidia mgonjwa alikuwa akimnyang'anya silaha.

Aliandika, akaeleza, akaonyesha bomba lake. Wapasuaji wengi hawakumsikiliza. Tunakaa hapa kidogo kwa sababu tunaona kwamba Fleming wa baadaye alizaliwa Boulogne. Tangu hapo hakuuliza tu kama dawa inaua vijidudu. Aliuliza pia inamfanya nini mtu mwenyewe, na mpaka wake uko wapi.

Wakati wa vita hivyo, mwaka 1915, alimwoa Sarah McElroy, muuguzi kutoka Ireland. Walijaliwa mtoto mmoja, Robert, aliyezaliwa mwaka 1924 na ambaye naye alikuja kuwa daktari.

Mwaka 1921, akiwa na mafua, Fleming aliweka kamasi yake mwenyewe kwenye sahani ya bakteria, na bakteria wale wakayeyuka. Alikuwa amekuta kimeng'enya akakiita lisozaimu, kilichomo kwenye machozi, mate na ute wa yai. Kwa muda maabara ilihitaji machozi mengi, na watu walikamuliwa maganda ya limau machoni ili walie. Lisozaimu haikuponya mtu, kwani iliua hasa vijidudu visivyo na madhara makubwa. Lakini ilimfundisha alama ya kuitafuta: mahali ambapo bakteria walipaswa kuwapo na hawapo.

Sasa tuseme neno juu ya stafilokokasi, kwa sababu ndiyo mhusika wa pili wa habari hii. Ni bakteria wa mviringo wanaokaa pamoja kama shada la zabibu, na jina lao limetokana na neno la Kigiriki lenye maana hiyo. Aliyewapa jina hilo ni Mskoti mwingine, daktari mpasuaji Alexander Ogston wa Aberdeen, katika miaka ya 1880. Watu wengi wenye afya wanatembea nao puani bila kujua. Wakipata mlango, yaani mchubuko, kidonda cha upasuaji au kitovu cha mtoto mchanga, huleta majipu na usaha, na wakiingia kwenye damu huua. Kabla ya penisilini, wagonjwa wengi walioingiwa na stafilokokasi kwenye damu hawakurudi nyumbani.

Mwaka 1928 Fleming alikuwa akiandaa sura ya kitabu juu ya bakteria hao, na meza yake ilijaa sahani za kuwaoteshea. Akaenda likizo na familia yake. Aliporudi mwanzoni mwa Septemba akaanza kuzipitia sahani za zamani ili zioshwe, na katika moja akaona umeota ukungu kama ule unaoota kwenye mkate uliolala siku nyingi. Hilo halikuwa jambo geni. Sahani huingiwa na ukungu kila mara, na mtu huitupa akaendelea na kazi. Yeye aliona kwamba kuzunguka ukungu ule bakteria walikuwa wamefifia na kuyeyuka. Sisi tunaosoma falsafa tumeambiwa tangu muhula wa kwanza kwamba hekima huanza kwa mshangao. Tunaongeza tu kwamba mshangao wa Fleming ulikuwa umeandaliwa na kamasi ya miaka saba kabla.

Aliuotesha ukungu ule, akachukua maji yake, na mwezi Machi 1929 akayapa jina la penisilini. Alichokifanya baadaye ndicho tunachotaka wasomaji wakizingatie. Aliyajaribu maji yale kwa vijidudu vya aina nyingi, akapanga orodha mbili. Stafilokokasi, wadudu wa nimonia, wa kisonono na wa dondakoo walikufa. Wadudu wa homa ya matumbo hawakuguswa, wala baadhi ya wale wanaokaa kooni ambao wakati ule walidhaniwa kuleta homa ya mafua. Aliona pia kuwa chembe nyeupe za damu hazikuumia, na kwa mtu aliyetoka Boulogne hilo lilikuwa jambo kubwa. Kisha akaitumia penisilini kama palizi: aliimwaga kwenye sahani ili iondoe vijidudu dhaifu na kuwaacha wale wasioguswa waote peke yao, apate kuwachunguza. Tangu mwaka wa kwanza, basi, mgunduzi alijua na kutumia ukweli huu: palipo na penisilini, asiyeuawa nayo hupata nafasi ya kustawi.

Aliandika makala yake mwaka huo huo. Vijana wawili wa maabara yake walijaribu kuisafisha dawa wakashindwa, maana iliharibika upesi. Fleming hakuwa mkemia, akaiacha. Wengine humlaumu kwa hilo. Sisi tunaona lawama hiyo ni ya haki nusu: hakuwa na fedha wala wataalamu, lakini pia hakuipigania sana. Aliutunza ukungu wake, akampa kila aliyeuomba.

Miaka kumi ikapita. Huko Oxford, Howard Florey kutoka Australia, Ernst Chain aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, na Norman Heatley aliyekuwa fundi wa kubuni vifaa, waliichukua kazi ile. Tarehe 25 Mei 1940 waliwadunga panya wanane bakteria wa kuua. Wanne waliopewa penisilini wakaishi, wanne wasiopewa wakafa usiku ule. Mwezi Februari 1941 walimtibu mgonjwa wa kwanza aliyekuwa mahututi, askari polisi ambaye stafilokokasi na wenzake walikuwa wamemla uso hadi akang'olewa jicho. Siku chache za sindano zikampa nafuu, homa ikashuka, akaanza kula. Dawa ilikuwa kidogo mno. Walikusanya mkojo wake wakaichuja penisilini iliyotoka humo wakamdunga tena, na bado haikutosha. Ikaisha, ugonjwa ukarudi, akafa mwezi Machi.

Hata kabla askari huyo hajadungwa, mwishoni mwa 1940, Chain na mwenzake Abraham walikuwa wametangaza kwamba kuna bakteria wanaotengeneza kimeng'enya cha kuivunja penisilini. Kufuli lilikuwa limepatikana kabla mlango haujafunguliwa.

Mwaka 1942 Fleming mwenyewe alimtibu mtu aliyefahamiana na familia yake, aliyekuwa akifa kwa homa ya uti wa mgongo. Alimwomba Florey dawa, akapewa akiba iliyokuwapo, akaidunga hadi ndani ya uti wa mgongo, na mtu yule akapona. Magazeti yakajaa jina la Fleming. Florey aliwafungia waandishi mlango, Fleming aliwakaribisha, na matokeo yake watu wa kawaida hadi leo wanalijua jina moja tu. Heatley, ambaye bila mikono yake kusingekuwa na dawa ya kumdunga mtu, hakupata Nobel. Hatuoni vema kulipita hilo kimya katika makala inayomsifu Fleming.

Viwanda vya Marekani viliichukua kazi, na majeshi yalipovuka kwenda Normandy mwaka 1944 dawa ilikuwapo ya kutosha majeruhi. Mwaka huo Fleming akapewa cheo cha Sir. Mwaka 1945 yeye, Florey na Chain wakapewa Tuzo ya Nobel, na baadaye jina lake likaandikwa pia miongoni mwa wanachama wa Chuo cha Kipapa cha Sayansi mjini Vatikani.

Katika hotuba yake ya Nobel, Stockholm, mwezi Desemba 1945, ungedhani angejisifu. Badala yake alimalizia kwa hadithi ya familia moja ya kubuni. Baba anaumwa koo. Ananunua penisilini mwenyewe, anatumia kidogo, isiyotosha kuviua vijidudu ila inayotosha kuvizoeza. Kisha anamwambukiza mkewe, na mke anapata nimonia. Daktari anampa penisilini, haifanyi kazi, mke anakufa. Fleming akauliza ni nani aliyemuua, na jibu lake likamwangukia mume aliyecheza na dawa. Wengi wetu tumesimama kwenye duka la dawa muhimu tukaona mteja akiomba vidonge vinne tu vya amoksilini kwa sababu fedha ndizo hizo, au mwingine akirudisha kabatini nusu ya dozi kwa kuwa kifua kimeachia. Hadithi ya Stockholm haihitaji tafsiri kwetu.

Hata hivyo Fleming hakuliona jambo lote. Alidhani hatari kubwa ni vijidudu kuzoezwa kidogo kidogo na dozi ndogo, nyumbani kwa mtu. Yaliyotokea yalianzia penye dozi kamili, madaktari na mashuka meupe: hospitalini. Mary Barber, mtaalamu wa bakteria katika Hospitali ya Hammersmith, magharibi mwa London, si mbali na St Mary's, alikuwa akipima stafilokokasi za wagonjwa. Mwaka 1946 aliona kwamba katika kila 100, kama 14 zilihimili penisilini. Mwaka 1947 zikawa 38. Mwaka 1948 zikawa 59. Ni miaka miwili tu.

Barber alitafuta sababu, na jibu lake linafaa kusomwa polepole na yeyote anayejifunza kutenganisha sababu na sababu. Stafilokokasi hizo sugu hazikuwa zimefundishwa na dawa. Zilikuwa za ukoo uliokuwa tayari na kile kimeng'enya cha kuvunja penisilini, ukoo mdogo uliofichika kati ya jamaa zake. Penisilini ilipomwagwa wodi nzima iliwapalilia: iliwafyeka wenzao ikawaachia shamba. Ni palizi ile ile ya Fleming ya mwaka 1929, safari hii ndani ya watu. Kisha wakasafiri kwa mikono na pua za wauguzi na madaktari, kutoka kitanda hadi kitanda. Mgonjwa aliweza kuingia hospitali bila kuwahi kumeza penisilini maishani mwake, akaambukizwa humo humo stafilokokasi isiyosikia penisilini.

Uingereza ilitunga sheria mwaka 1947 kuzuia penisilini kuuzwa bila cheti cha daktari. Ilisaidia madukani. Wodini haikugusa kitu, maana huko vyeti vilikuwapo tele. Katika miaka ya 1950 aina moja kali ya stafilokokasi sugu ilizunguka dunia kutoka Australia hadi Amerika ya Kaskazini, ikishambulia hasa wodi za watoto wachanga na mama zao.

Fleming aliyaona hayo akiwa mzee mwenye heshima, akialikwa kila mji. Mkewe Sarah alifariki mwaka 1949. Mwaka 1953 alimwoa Amalia Koutsouri-Vourekas, mtaalamu wa bakteria kutoka Ugiriki aliyekuwa akifanya kazi katika maabara yake. Tarehe 11 Machi 1955 moyo wake ulisimama ghafla nyumbani London. Majivu yake yamewekwa chini ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, pamoja na mashujaa wa taifa lake.

Miaka mitano baadaye, 1960, Waingereza walianza kutumia methisilini, penisilini iliyoundwa makusudi ili kimeng'enya cha stafilokokasi kisiweze kuivunja. Kabla mwaka huo haujaisha, sampuli kutoka hospitali moja ya kusini mwa Uingereza zilionyesha stafilokokasi zilizohimili hata hiyo. Vizazi vya namna hiyo viko hospitalini duniani kote hadi leo.

Mwaka ule ule Mary Barber na wenzake walichapisha habari za Hammersmith, ambako alikuwa amerudi. Hawakuwa na dawa mpya ya kujivunia. Walikuwa wamepunguza antibayotiki kwa jumla katika hospitali, wakaibana penisilini isitolewe ovyo, wakatoa dawa mbili mbili pale zilipohitajika kweli, na wakashikilia taratibu za kuzuia maambukizi kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine. Stafilokokasi sugu zikapungua hospitalini hapo, na penisilini ikaanza tena kuwafaa wagonjwa ambao miaka michache kabla isingewafaa.